Nguo ya siku ya usaili kazini: swali kutoka Mugumu na Nyamongo



Sifa zote njema zinamstahiki Allah Subhaanahu wa Taala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, Ijumaa hii tumeona tuuache kidogo mlango wa zaka tuliokuwa tukiuendeleza, ili tujibu jambo tuliloulizwa tukiwa safarini mkoani Mara, katika wilaya za Serengeti na Tarime. Kwa mtazamo wa haraka ni jambo dogo, kwani ni nguo tu. Lakini nguo hiyo iliifanya familia moja ya Kiislamu pale Mugumu isikae kwenye sinia moja kwa siku mbili.

Baada ya swala ya Ijumaa alitujia mzee mmoja, akiwa pamoja na mkewe na binti yao. Binti huyo ni mwaka wake wa tatu sasa katika mapokezi ya kambi moja ya watalii ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Huvaa sare ya kazi kama wenzake, ila sketi yake ni ndefu, shati lake lina mikono mirefu, na kichwani hujifunga mtandio wa rangi ya sare. Hajapata kuulizwa na mkubwa wake kwa nini. Mwezi uliopita likabandikwa tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi: anatakiwa msimamizi wa mapokezi, na waombaji wawe wa ndani tu. Akaomba, naye akaitwa kwenye usaili. Ndipo mwenzake wa kazini, kwa nia ambayo hatuna sababu ya kuidhania vibaya, akamwambia kwamba jopo litatoka makao makuu, kwamba wanatafuta mtu mwenye sura ya kimataifa, na kwamba kwa siku hiyo moja tu ingefaa auvue mtandio, atengeneze nywele, avae suti ya sketi fupi kidogo.

Baba aliposikia alisema: kazi yenyewe aiache kabisa. Mama akasema: "Ni saa moja tu, Sheikh, na Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe. Wadogo zake wawili wanasomeshwa na mshahara huu." Binti mwenyewe alikuwa kimya, akiangalia ncha za viatu vyake.

Tutarudi kwa binti huyu. Kwanza tuseme kidogo juu ya usaili wenyewe, kwani tumegundua kwamba wazazi wengi hawajui tofauti. Usaili wa kuingia kazini hufanywa na watu wasiokufahamu. Nguo yako, sauti yako na vyeti vyako ndivyo vitu pekee walivyonavyo mbele yao. Usaili wa ndani ni jambo jingine. Hapo wanaokuuliza, au angalau mmoja wao, wanakujua. Wamekuona ukichelewa na wamekuona ukiwahi. Wanajua siku uliyomjibu mgeni vibaya na siku uliyobaki hadi usiku ili hesabu ikae sawa. Kwa hiyo nguo haiwezi kukutambulisha upya. Kazi yake ni kuwaambia kwamba umeiheshimu siku hiyo, na kwamba unaweza kuonekana katika nafasi unayoiomba. Mwenye kudhani kwamba nguo itafuta miaka mitatu ya uvivu anajidanganya. Na mwenye kudhani kwamba miaka mitatu ya bidii inampa ruhusa ya kuja hovyo naye anajidanganya vilevile.

Wa namna hii ya pili tulimkuta Nyamongo, wilayani Tarime. Wasomaji wanafahamu kwamba hapo ndipo ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na ambao leo Serikali yetu ina hisa asilimia 16 ndani yake kupitia kampuni ya Twiga. Mgodi kama huo hauishi peke yake. Pembeni yake kuna wakandarasi, karakana, wapishi, madereva na walinzi. Kijana wetu alikuwa fundi kwa mkandarasi mmoja, na aliomba nafasi ya usimamizi wa zamu. Alimaliza zamu ya usiku alfajiri, akaswali, kisha akaingia moja kwa moja chumba cha usaili akiwa na ovaroli yenye mafuta hadi kwenye magoti, riflekta iliyochanika begani na buti zilizoacha matope kwenye sakafu. Hakuipata nafasi. Alipotusimulia alikuwa na hakika moyoni kwamba amenyimwa kwa sababu ya dini yake.

Tukamwuliza kama kuna neno lolote lililosemwa juu ya dini. Hapana. Je, aliyepewa nafasi alikuwa na ujuzi mdogo kuliko wake? Akafikiri, akasema walikuwa sawa. Mzee mmoja wa pale, Mkurya aliyekuwa ameketi nasi mkekani, akamwuliza swali lililotupita sisi: "Mura, huyo mwenzako naye alitoka zamu ya usiku?" Akajibu ndiyo. "Alivaa nini?" Kijana akanyamaza, kisha akasema kwamba mwenzake aliomba ruhusa ya nusu saa, akaoga kwenye mabafu ya wafanyakazi, akavaa ovaroli nyingine iliyofuliwa.

Hatusemi kwamba ubaguzi haupo duniani. Upo, na tutautaja. Lakini ni dhulma pia kumtuhumu mtu kwa jambo ambalo huna ushahidi nalo, na Waislamu tusijizoeshe kuifanya dini yetu kuwa kisingizio cha mambo tuliyoyakosea wenyewe. Ovaroli ile ilikuwa nguo halali kabisa. Kosa halikuwa ovaroli, kosa lilikuwa uchafu uliokuwa unaweza kuondolewa kwa nusu saa.

Na uchafu huo haukubaliki kwetu kabla haujakataliwa na mwajiri. Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu nywele zake zimetimka, akashangaa kama mtu huyo hakuwa na kitu cha kuzilaza, akamwona mwingine mwenye nguo chafu, akashangaa kama hakuwa na kitu cha kuzifulia. Na sahaba mwingine alipomjia katika nguo duni, Mtume (S.A.W.) alimwuliza kama ana mali; aliposema anayo ya kila namna, ngamia na kondoo na farasi, akamwelekeza kwamba athari ya neema ya Allah ionekane juu yake. Kadhalika, katika Sahihi Muslim, mtu aliuliza kama kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi, akajibiwa kwamba sivyo, bali kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Kuna hadithi iliyo karibu zaidi na mada yetu, nayo tunaipenda kwa namna inavyoeleza mambo mawili kwa mara moja. Sayyidna Umar (R.A.) aliona vazi la hariri likiuzwa kwenye mlango wa msikiti, akamshauri Mtume (S.A.W.) alinunue ili alivae siku za Ijumaa na siku anapofikiwa na wajumbe. Mtume (S.A.W.) alilikataa kwa sababu ya hariri. Wanazuoni wameona hapa kwamba hakuikataa fikra ya kujipamba kwa ajili ya wajumbe; alichokikataa ni kitambaa. Imamu Bukhari ameifanyia mlango maalumu wa kujipamba kwa ajili ya wageni wa kiujumbe. Basi jopo linalotoka makao makuu kuja kukusaili ni wajumbe kwa maana hiyo: una ruhusa ya kuvaa kilicho bora kuliko cha kila siku, ila mpaka wa halali haupanuliwi kwa sababu ya ugeni wao.

Kuna ndugu wanaoona tabu hata katika kuomba cheo, wakitaja kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdurrahman bin Samura (R.A.) kuomba uongozi. Suala hilo lina maelezo marefu. Itoshe hapa kukumbuka kwamba Nabii Yusuf (A.S.) alipotolewa gerezani na mfalme akamwambia kwamba ana heshima na kuaminika mbele yake, yeye mwenyewe aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili tu: kwamba ni mhifadhi na ni mjuzi. Baadhi ya wafasiri wamepokea kwamba kabla ya kuingia kwa mfalme alioga, akajisafisha na kuvaa nguo mpya. Hakwenda na nguo za gerezani ili aonewe huruma, wala hakuazima mavazi ya makuhani wa Misri ili afanane nao.

Sasa tuingie kwenye nguo zenyewe, tukianza na wanaume, ambao hudhani masuala ya mavazi ni ya wanawake peke yao.

Ajabu ya Nyamongo ni kwamba wanaume wanaochimba dhahabu usiku na mchana wameharamishiwa na sheria yetu kuivaa. Tumewaona vijana wa Kiislamu wenye pete na mikufu ya dhahabu shingoni, na siku ya usaili ndipo huitoa kabatini. Iacheni huko huko, au wapeni wake zenu. Pete ya fedha haina ubaya. Tai nayo yafaa itazamwe: nyingi zinazouzwa kwenye mitumba ni za nyuzi za kiwandani na hazina tatizo, lakini ile ambayo lebo yake inasema ni hariri, si ya mwanamume. Kwa karakana na stoo, tai yenyewe hata haihitajiki. Shati lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa isiyobana, isiyoburura chini ya vifundo, na viatu vilivyosuguliwa hadi kisigino, vinatosha kwa nafasi nyingi za usimamizi. Ukiitwa ukiwa zamuni, ovaroli ya kazi inakubalika maadamu ni safi na nzima. Weka moja ya akiba kwenye kabati lako la kazini kuanzia siku ulipopeleka barua ya maombi. Asubuhi za Tarime zina baridi. Sweta la heshima juu ya shati halina aibu kuliko kutetemeka mbele ya watu.

Wengine wameuliza juu ya kanzu na kofia. Kanzu ni vazi la heshima, nasi tunaivaa, lakini si sharti la Uislamu. Ni ada njema ya watu wa pwani iliyoenea bara. Mwenye kuomba usimamizi wa mashine asiihesabu kuwa ni jihadi kuingia na kanzu mahali ambapo kila mtu anajua kwamba vazi refu haliruhusiwi karibu na mitambo. Kofia ndogo chini ya helmeti, ikikaa vizuri na kuruhusiwa na watu wa usalama, ni sawa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu kwa mwajiri na kwa mfanyakazi pia, na kulinda nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia yetu.

Ndevu zina taabu yake pekee. Kinyago cha kuzuia vumbi kinachotakiwa kigande usoni hakizibi vizuri juu ya ndevu; hewa hupita pembeni, na vumbi la mwamba ni adui wa mapafu kwa miaka mingi baadaye. Hili si ubaguzi, ni umbile la kifaa. Anayeomba nafasi inayolazimu kinyago hicho aulize mapema, kabla ya siku ya usaili, kama kampuni inaweza kutoa aina ya kinyago chenye kofia inayopulizia hewa, ambacho hakihitaji kugandana na ngozi, kwani aina hiyo ipo. Kama haiwezekani, aangalie kama kuna nafasi nyingine ya daraja hilo hilo isiyo na sharti hilo. Asubiri hadi baada ya kufanya hayo mawili ndipo amwendee mwanazuoni wake na suala la kupunguza.

Kwa dada zetu, jambo la faradhi linajulikana: kusitiri mwili kwa nguo isiyobana na isiyoonyesha, na kichwa kufunikwa. Isiyojulikana na wengi ni namna faradhi hiyo ilivyo nyepesi kuitekeleza kazini. Sharia haikutaja rangi, wala haikutaja mshono. Mtandio wa rangi ya sare, uliobanwa na kuingizwa ndani ya kola, ni stara kamili. Na kwa anayefanya kazi karibu na mitambo au jikoni huo ndio salama, kwani unaoning'inia unaweza kunaswa. Tena tukiwa kwenye jikoni, tumeona jambo la kuchekesha kidogo: wapishi wote wa mahoteli, wanaume kwa wanawake, wa dini zote, hulazimishwa kufunika nywele zao, na hakuna mtalii aliyewahi kulalamika kwamba kofia ya mpishi inamwondolea sura ya kimataifa.

Anayevaa nikabu ajue kwamba wanazuoni wamekhitilafiana juu ya uso, na kwamba hata katika madh-hebu yetu ya Shafi wameruhusu uso kuonekana kwa haja kama kutoa ushahidi na kufanya mikataba ili mtu atambulike. Usaili unafanana na hayo. Manukato makali ayaache. Maji na sabuni vinatosha. Viatu virefu vinavyomfanya atembee kama anayevuka Mto Mara kwa mawe, navyo aviache.

Kwa walioajiriwa serikalini, yaani walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri zetu, kuna Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi. Waraka huo unakataza nguo fupi, zinazobana na zinazoonyesha mwili. Mwislamu anayeusoma hukuta kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa kwa ajili yake. Binti wa Kiislamu anayekwenda kusailiwa kwa ajili ya ukuu wa idara hana haja ya kujieleza kwa nini gauni lake ni refu.

Na sheria ya nchi inasemaje kwa sekta binafsi? Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa dini katika ibara ya 19. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, dini ikiwemo, na ubaguzi huo unahusu hadi taratibu za usaili na upandishaji vyeo. Lakini kifungu hicho hicho kinamruhusu mwajiri kuweka masharti yanayotokana na asili ya kazi yenyewe. Kwa hiyo helmeti ni sharti la kazi. Nywele kuonekana kwenye meza ya mapokezi, kwa uoni wetu, si sharti la kazi yoyote. Mwenye kuamini kwa ushahidi kwamba amebaguliwa aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aende mapema, kwani mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Wengi hukaa na uchungu kwa mwaka mzima, kisha huambiwa wamechelewa.

Dunia imekwisha kuamua juu ya mambo haya, ingawa si kwa kauli moja. Mwaka 2008 huko Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, msichana wa miaka 17 aitwaye Samantha Elauf alikwenda usaili wa duka la nguo la Abercrombie & Fitch akiwa amevaa mtandio mweusi. Aliyemsaili alimpa alama za kutosha kuajiriwa, lakini meneja wa juu akaagiza asichukuliwe kwa sababu mtandio haukuendana na utaratibu wao wa mwonekano. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Juni 2015 majaji wanane kati ya tisa wakaamua kwa upande wake. Jirani zetu Kenya walikuwa na kesi ya wanafunzi wa shule moja ya Isiolo: Mahakama ya Rufani iliruhusu hijabu mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Hiyo ilikuwa sare ya shule na si ya kazi, lakini tunaitaja ili mzazi asidhani kwamba kila mlango wa mahakama unafunguka upande mmoja.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo linalowazuia wengi. Suti mpya haitakiwi. Msikope kwa riba ili mnunue nguo ya saa moja. Kuazima ni halali, wala hakuna unyonge ndani yake: Bi Aisha (R.A.) alisimulia kwamba alikuwa na kanzu ya kitambaa cha kawaida katika zama za Mtume (S.A.W.), na wanawake wa Madina waliotaka kupambwa kwa harusi walituma kwake kuiazima. Kilichokatazwa ni kujionyesha kuwa unacho usichopewa, kama kuazima saa ya thamani na kuacha watu waamini ni yako. Koti la kaka yako si uongo. Lakini likujae vizuri. Koti linalofika vidoleni hulifanya jopo zima lifikirie koti badala ya majibu yako. Na kwa wanaosafiri kwa pikipiki au nyuma ya gari kwenye vumbi la barabara za hifadhini, nguo ya usaili hubebwa kwenye mfuko, haivaliwi njiani. Fika mapema, tafuta maji, badilisha. Na usaili ukipangwa saa saba mchana wa Ijumaa, mwombe mhusika wa utumishi kwa adabu, siku kadhaa kabla, akubadilishie saa. Mara nyingi hupanga hivyo kwa kutojua, si kwa chuki.

Turudi sasa Mugumu, kwani wale watatu walikuwa bado wamekaa mbele yetu.

Kwa mama tulisema kwamba tunaufahamu uzito wa karo, na kwamba dharura inayohalalisha kilichokatazwa ni ile ya kuhofia maangamizi au madhara makubwa. Binti anayo kazi tayari na mshahara wake unaingia. Kutopanda cheo ni hasara, lakini si dharura. Na maneno ya kwamba Allah atasamehe husemwa na aliyekosea akatubu, hayapangwi kabla ya kosa kama nauli. Kwa baba tulisema kwamba hakuna aliyemtaka binti yake auvue mtandio isipokuwa mfanyakazi mwenzake. Mwajiri hakusema. Kwa nini basi aache kazi ambayo kwa miaka mitatu imemwacha na stara yake? Baba alikunja uso, lakini hakupinga.

Kwa binti tulisema aende kama wanavyomfahamu. Hata tukiiweka sharia pembeni na kutazama kwa macho ya dunia tu, wale waliomwona na mtandio kwa miaka mitatu wakimwona ghafla bila huo watajiuliza ni yupi atakayekuja kazini Jumatatu. Nafasi anayoiomba ni ya kushika funguo za vyumba, fedha za wageni na siri zao. Mtu wa kazi kama hiyo hutafutwa kwa uaminifu, na yule binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.) alitaja nguvu na uaminifu. Akiulizwa juu ya mtandio, ajibu kwa sentensi moja, bila hasira na bila kuomba radhi: kwamba ni sehemu ya dini yake, kwamba amefanya kazi nao kwa miaka mitatu, na kwamba taarifa za wageni wake zipo mezani wazisome. Kisha arudi kwenye mazungumzo ya kazi.

Hatukumwahidi kwamba atashinda. Huenda jopo likamtaka mwingine kwa sababu nzuri, na huenda likamtaka mwingine kwa sababu mbaya, na katika hali zote mbili jibu letu lisingebadilika.

Alikuwa na swali moja tu. Mtandio wake wa sare umefuliwa kwa miaka mitatu na rangi yake imepauka, haufanani tena na shati; je, avae mwingine wa rangi tofauti? Tukasema hapana, atafute kitambaa kipya cha rangi ile ile. Mama yake akafungua fundo la kanga, akahesabu noti, akamwuliza mumewe kama fundi wa pale sokoni bado atakuwa hajafunga. Mzee akatazama jua. Akasema wakitembea haraka watamkuta, kisha akamgeukia binti yake, kwa mara ya kwanza tangu waketi, akamwuliza inatosha mita moja au waongeze nusu.